Kichwa cha Mshika Wavu

Asubuhi ile mke wangu alinisalimia kwa adabu, nikajua siku imeanza vibaya.

"Habari za asubuhi, kaka," alisema. Alikuwa amesimama mlangoni mwa jikoni, mkono mmoja umeshika kola ya gauni lake. "Karibu. Umekuja kutazama friji?"

Nilikuwa nimevaa fulana ya ndani na bukta, nakunywa chai kwa kikombe changu, jikoni kwangu. Fundi gani anaingia kazini na bukta? Lakini ni kweli mimi ni fundi wa friji, na kazi hiyo nimeifanya tangu nywele zangu zikiwa nyeusi, kwa hiyo hakukosea sana. Nikamwambia ndiyo, nimekuja kutazama friji. Akasema nisione haya, nikitaka sukari zaidi niseme.

Wanasema siku njema huonekana asubuhi. Siku mbaya nayo haijifichi.

Najua wako wanaume ambao wangefanya sherehe wakipata mke mwenye adabu. Mimi sikuzoea. Tangu tuoane, mwanamke huyu hakuwahi kunistahi hata kwa bahati mbaya. Jina langu ndani ya nyumba hii ni Mzembe. Alinipa siku ya kwanza tulipovua pamoja, kabla hata hatujachumbiana. Nilikuwa nimeshika wavu, nikataka kujionyesha, nikaugonga mshipi kwa ukingo wa wavu, na samaki mkubwa kuliko wote aliowahi kuwanasa akaenda zake. Alisimama juu ya jiwe, mshipi umelegea, akanipima kuanzia utosini hadi kwenye viatu, akasema, "Mzembe wewe." Kwa namna alivyolisema nilijua huyu nitamwoa, na nisipomwoa nitakuwa mzembe kweli.

Jina likakaa. Aliniita hivyo mbele ya wakwe, aliniita hivyo katika wodi ya wazazi akiwa amempakata binti yetu: "Mzembe, njoo umwone mwenzako." Wenzetu wana mpenzi, wana mume wangu, sisi tulikuwa na Mzembe. Mimi nilimwita Kiranja, kwa sababu hata usingizini alikuwa anawapanga watu foleni. Alikuwa mkataji wa vitambaa katika kiwanda cha sare. Akikutazama mabega mara moja alijua shati lako litakula kitambaa kiasi gani, na akikutazama usoni alijua unadanganya nini.

Ugonjwa ulianza na funguo, ukaenda kwenye majina ya majirani, ukapanda ngazi polepole mpaka ukanifikia. Kwanza nilikuwa mume, nikawa shemeji, nikawa mpangaji, sasa ni fundi. Nimeshushwa cheo nyumbani kwangu bila hata barua ya onyo. Mara ya mwisho aliponiita Mzembe siikumbuki, na hilo linaniuma kuliko yote, kwa sababu ningejua ni ya mwisho ningeisikiliza.

Binti yetu alikuwa sebuleni, amelala kwenye kochi. Ni muuguzi katika mji mwingine, na alikuwa amekuja kumchukua mama yake. Begi lilikuwa limeshafungwa, limesimama karibu na mlango. Sababu yake haikuwa ndogo. Majuzi mama yake aliamka, akaona mwanamume kitandani, akatoka mbio barabarani miguu mitupu mpaka kwa jirani yetu, muuza vioo, akiomba msaada. Mwanamume huyo wa kitandani ni mimi.

"Baba, anakuogopa," binti yangu aliniambia jana yake. "Utaishije na mtu anayekuogopa?"

Nilimjibu maneno mengi ambayo sitayarudia. Yeye ana kichwa kigumu, na sihitaji kwenda mbali kutafuta alikokitoa. Mwishowe nikashuka bei. Nikamwomba aniachie siku moja nimpeleke mama yake kuvua. Daktari mwenyewe alisema vitu vya mikono ndivyo vinavyoondoka mwisho. Akiniita Mzembe, hata mara moja tu, anabaki.

"Baba, hii si mahakama."

"Mara moja tu."

"Na usimfundishe. Neno la kufundishwa hata kasuku analo."

"Sitamfundisha."

Akakubali, kama wanavyompa mtoto pipi kabla ya sindano. Nilijua ananihurumia, na bado nikaichukua. Mfa maji haachi kutapatapa.

Baada ya chai nilizishusha fimbo za kuvulia kutoka juu ya kabati. Zilikuwa na vumbi, na mishipi imejisokota. Niliziweka juu ya meza bila kusema kitu. Mke wangu alikuja kufuta meza, akasimama, akazitazama.

"Nani amekunja mshipi hivi?" aliuliza.

"Sijui."

"Hajui kazi."

Akavuta kiti. Akachukua ndoano, akaulowesha mshipi kwa ulimi, akaupitisha kwenye tundu la ndoano, akauzungusha, akaurudisha ndani ya kitanzi chake, akavuta, akaukata mkia kwa meno. Yote hayo akiwa anatazama dirishani. Halafu akafunga ndoano ya pili, na chubwi la risasi la kuizamisha chini yake, kazi safi kabisa. Binti yetu alikuwa mlangoni na mswaki mdomoni, ameyaona yote. Nikamtupia jicho la kusema, unaona? Akaenda kusukutua.

Nilifurahi, nisidanganye. Nilipokuwa natia barafu kwenye sanduku la samaki nilijikuta napiga mluzi.

Pikapu yangu ya kazi ina viti vya mbele tu. Mke wangu alifika kwenye mlango wake akasita.

"Nikae mbele na wewe?"

"Kaa tu."

"Mume wangu hatakasirika?"

"Hatakasirika."

"Humjui wewe," alisema, akipanda. "Huyo ana hasira za mkizi."

Nilicheka, naye akacheka, tukaondoka tukicheka kama watu wanaojuana. Wanasema hasira za mkizi ni furaha ya mvuvi, na yeye ndiye aliyekuwa mvuvi wangu. Kila nilipofura yeye alinivuta tu nchi kavu. Njia nzima alikuwa anasoma mabango ya maduka kwa sauti. Alisoma kinyozi, akasoma dawa, akasoma vipuri, na kila alilosoma alilisoma sawa.

Mahali petu ni ukuta wa mawe unaoingia baharini, nyuma ya ghala la zamani la barafu ambalo mashine zake nilizitengeneza mpaka walipolifunga. Hakuna anayekuja huko siku hizi. Karibu na mwisho wa ukuta kuna jiwe bapa linalotosha watu wawili na sanduku lao, na hapo ndipo tulipokuwa tunakaa kila wikendi tulipokuwa na nguvu. Alilifikia mwenyewe, bila kuonyeshwa. Alikanyaga mawe yale yale aliyokuwa akiyakanyaga siku zote, akaliruka lile linalotikisika. Mimi nyuma yake nimebeba fimbo, wavu, chambo na sanduku, nikiwa na matumaini mengi kuliko mzigo.

Tulikuwa na sheria moja ya kuvua, na aliitunga yeye. Aliyenasa samaki hagusi wavu. Mwenzake ndiye anayeushika, na kichwa cha samaki ni cha mshika wavu. Alisema mshika wavu ndiye anayebeba lawama zote, basi angalau ale. Miaka yote hiyo nilikula vichwa mimi, kwa sababu aliyekuwa anavua ni yeye. Na ni kweli navipenda. Nakula mashavu, nakula macho, nanyonya mifupa mpaka inang'aa, na yeye alikuwa ananitazama akisema, Mzembe, hata paka wa jirani humwonei huruma.

Alitia kipande cha ngisi kwenye ndoano, akatupa. Mkono ulikwenda nyuma, ukarudi mbele, mshipi ukaruka mbali na kuingia majini bila kishindo. Haikupita muda fimbo ikainama.

Hakupiga kelele. Hajawahi. Alikaza mguu kwenye ufa wa jiwe akaanza kuzungusha kigurudumu, taratibu, akimwacha samaki anapotaka kukimbia na kumrudisha anapochoka. Mimi nilishuka jiwe moja chini na wavu. Nilikuwa makini kuliko nilivyokuwa maishani mwangu. Niliuzamisha wavu mapema, nikamsubiri, nikamwacha aingie mwenyewe kichwa mbele, nikainua. Alikuwa changu mwekundu, amenona, anatosha sahani.

"Asante sana, fundi," mke wangu alisema. "Una mkono mzuri. Angekuwa mume wangu hapo, huyu angekuwa ameshafika kwao."

"Mume wako hajui kushika wavu?"

"Yule?" Alitabasamu akimtoa samaki ndoano. "Yule ni mzuri kwa mambo mengine."

Nilitaka kuuliza mambo gani. Nilitaka kukaa hapo siku nzima nikiuliza. Lakini nikajifanya natafuta kisu.

Akatupa tena, akanasa tena. Nikamdaka yule wa pili safi, na wa tatu safi. Kila mara ananishukuru, kila mara ananisifu, na kila sifa ilikuwa inanipeleka mbali naye. Ilinichukua muda kuelewa, kwa sababu mimi si mwepesi. Nilikuwa nafanya kazi vizuri mno. Mume wake ni mtu asiyejua kushika wavu, na huyu aliyesimama hapa anaujua, basi huyu si yeye. Hesabu yake ilikuwa sawa kabisa. Nimeishi naye umri wote huu nikiambiwa nijirekebishe, nimejirekebisha siku hii moja, na siku yenyewe ndiyo hii.

Basi nikaamua kukosea.

Jua lilikuwa limepanda alipoinasa kolekole. Nilijua ni kolekole kabla sijaiona, kwa jinsi mshipi ulivyokata maji ukienda pembeni na kigurudumu kikilia. Mke wangu alijiinamia akaishikilia fimbo kwenye nyonga. Jasho lilimtoka. Uso wake ulikuwa ule wa zamani, midomo imebanwa, macho yamekuwa madogo, na kwa muda wote ule wa kuvutana hakukuwa na ugonjwa wowote mwilini mwake. Ilikimbia, ikarudishwa, ikazama chini ya mawe, ikatolewa. Mwishowe ilikuja juu, ubavu wake mpana unawaka juani. Ilikuwa kubwa kama ile ya siku ya kwanza. Niliuteremsha wavu, nikaupeleka haraka, kwa pupa, kama kijana anayetaka kujionyesha, nikaupiga mshipi kwa ukingo.

Mshipi ulikatika, kolekole ikageuka ikazama. Maji yalitulia.

Sikuinua kichwa mara moja. Nilisubiri nikiwa nimeinama, nimelitegea mgongo lile neno lije lipige. Nilikuwa nimeshalisikia kabla hajalitamka.

"Pole, fundi," mke wangu alisema. "Usijali. Hutokea."

Niligeuka. Alikuwa anafuta jasho, ananitazama kwa upole, kama unavyomtazama mgeni aliyevunja glasi yako.

"Samaki amekwenda kwa sababu yangu," nikamwambia.

"Basi, yameisha."

"Hayajaisha. Nimekuharibia. Niseme."

"Siwezi kumsema mtu wa watu."

Hapo hasira zilinipanda. Najua si yeye wa kukasirikiwa, lakini mwingine hakuwepo. Niliutupa wavu juu ya mawe, nikapaza sauti. "Mimi ni nani? Nitazame vizuri. Mimi ni nani?"

Alirudi nyuma hatua moja. Fimbo ikamtoka mkononi. "Wewe ni fundi," alisema.

"Fundi wa nini?"

"Wa friji." Macho yake yalikuwa yananitafuta usoni kama mwanafunzi aliyesimamishwa ubaoni. Akauchukua mkoba wake, akaubana kifuani. "Naomba unirudishe nyumbani, kaka. Kama nimekukosea, nisamehe."

Mke wangu aliniomba msamaha. Mwanamke ambaye akikosea alikuwa ananilaumu mimi kwa kumwona. Nikakaa juu ya sanduku la samaki, nikalia, tena si kilio cha mwanamume cha kuficha uso. Nililia mpaka kamasi zikanitoka. Nilikuwa nimelishikilia tumaini lile kwa kucha tangu asubuhi, na sasa nilijua halipo. Hapakuwa na mtu ndani yake aliyekuwa ananisubiri. Nimebisha hodi kwenye nyumba iliyohamwa.

Baada ya kitambo nikasikia anakuja. Hofu ilikuwa imemtoka. Alinipa leso kutoka kwenye mkoba.

"Umefiwa?" aliniuliza.

Nikamwambia ndiyo.

"Na nani?"

"Mke wangu."

"Pole sana. Alikuwa anaumwa?"

"Alikuwa anaumwa."

"Alikuwa mpole?"

"Hapana," nikasema. "Alikuwa mkali, na mdomo wake haukuwa na breki."

Akacheka, akanigusa bega. "Basi huyo angeelewana na mume wangu."

Akainama, akaokota fimbo, akafunga ndoano mpya akitazama upeo wa bahari. Alipomaliza kufunga alikuwa ameshasahau kila kitu, samaki aliyekwenda na mimi niliyelia. Akatupa mshipi, akanasa.

Ndipo samaki walipokuja. Sijawahi kuona siku kama ile, na najua sitaiona nyingine. Changu walikuja wakifuatana, wakaja vibua, akaja chewa mmoja mwenye mdomo kama mlango wa oveni. Mimi mwenyewe nilitupa mara mbili tatu nikapata, mimi ambaye bahari ilikuwa inanijua kwa kuwalisha samaki tu. Sanduku lilijaa, tukatia ndoo, ndoo ikajaa. Mke wangu alikuwa anacheka peke yake. Na jua lilipoanza kulegea, kolekole nyingine ikashika, kubwa kuliko ile niliyoipoteza. Alipigana nayo mpaka mikono ikawa inamtetemeka. Safari hii sikukosea. Sikuwa na sababu ya kukosea tena. Niliidaka, nikailaza juu ya jiwe, tukaitazama wote wawili, ikipumua.

"Laiti angekuwepo," mke wangu alisema.

Sikumuuliza nani.

Nyumbani, binti yetu alifungua mlango kabla sijatafuta ufunguo. Alitazama sanduku, akatazama ndoo, akatazama ile kolekole ambayo mkia wake ulikuwa umetokeza nje ya gunia, kisha akanitazama mimi. Nilimwona anavyotumaini. Sikujua mpaka wakati ule kwamba na yeye alikuwa anataka nishinde.

"Amekuita?" aliniuliza kwa sauti ya chini.

Nikampita na ndoo.

Mama yake alivua viatu akaenda moja kwa moja jikoni. Aliparua magamba, akapasua matumbo, akakata vipande kwa kile kipimo chake cha kiwandani, vyote sawa. Tuliposogea kumsaidia alitufukuza. Alikaanga vitunguu, akatia nyanya, akatia ndimu, na nyumba ikanukia kama zamani. Nilikaa kwenye kiti changu mezani. Alipokuja na sufuria aliniambia kwa upole nisogee kwenye kiti kile cha pembeni, hiki kina mwenyewe. Nikasogea.

Akapakua. Binti alipata mgongo. Mimi nilipewa kipande cha tumbo, kile kinono anachopewa mgeni, na juu yake akaongeza kingine. "Kula ushibe, fundi, umefanya kazi leo." Kisha akachukua sahani ya bluu yenye ufa, sahani yangu, akaweka kichwa cha kolekole, akakimwagia mchuzi, akakifunika kwa sahani nyingine, akakiweka mbele ya kiti kitupu.

Binti yetu aliacha kutafuna. "Mama, hicho cha nani?"

"Cha Mzembe," mama yake akasema.

Alilisema kama anayeshangaa mtoto huyu anauliza nini, kama jambo ambalo kila mtu analijua. Na lilikuwa lile lile, na ule mkunjo wake mdogo wa mdomo mwishoni. Nililisikiliza safari hii. Nililisikiliza lote.

Binti yangu alinitazama, machozi yamemjaa. Akainuka, akaenda mlangoni, akaliinua lile begi, akalirudisha chumbani kwa mama yake. Nilisikia zipu ikifunguliwa. Nilisikia kabati. Nilikuwa nimeshinda. Nilichotakiwa kufanya ni kukaa kimya nikala tumbo la samaki.

Nje giza lilikuwa linaanza kuingia. Mke wangu aliliona dirishani, akatazama kiti kitupu, akanitazama mimi. Akashika kola ya gauni lake.

"Fundi," alisema, "usinielewe vibaya. Umetusaidia sana. Lakini usiku unaingia, na mume wangu hayupo. Si vizuri mwanamume akae humu."

"Ni kweli," nikasema. "Si vizuri."

Nikanawa mikono. Nikavaa viatu. Binti alikuja mbio kutoka chumbani, akanifuata mpaka kizingitini, akaniwekea mkono mlangoni. "Baba, unakwenda wapi? Amekutaja. Tulikubaliana, na mimi sirudi nyuma. Nimeshazitoa nguo zake."

"Amemtaja mumewe," nikasema. "Subiri kidogo."

Nilivuta mlango ukajifunga. Nilisimama nje, nikajipangusa uso, nikanyoosha shati. Nikabisha hodi, nikafungua, nikaita kwa sauti yangu ya miaka yote ya kutoka kazini, "Kiranja, nimerudi. Kuna chakula?"

Alikuwa bado mezani, karibu na sahani iliyofunikwa. Aliinua uso upesi, na kwa muda mfupi uso ule ulifunguka wote, ukawa wa mtu aliyesubiri na kusubiri kwake kumekwisha. Alitazama mlangoni. Alinitazama mimi, akatazama nyuma yangu, gizani, kama kuna mwingine anayekuja. Halafu uso ukajifunga.

"Umesahau kitu, fundi?"

Nilitaka kusema mengi. "Ndiyo," nikasema. "Nimesahau bisibisi."

"Masikini." Akainuka, akatazama chini ya viti, akatazama juu ya friji, akafungua droo ya vijiko, akaiona pale nilipoiweka mimi mwenyewe siku nilizokuwa bado mume. Akaifuta kwa aproni, akaniletea. Kwa karibu nilimwona alivyochoka, na jinsi alivyojikaza asionyeshe kwamba ananiogopa.

Nilimgeukia binti yangu, aliyekuwa amesimama ukutani na mkono mdomoni. "Zirudishe zile nguo kwenye begi," nikamwambia. "Mwondoke asubuhi, kabla hapajawa na jua. Leo lala naye wewe. Mimi nitalala garini."

"Baba."

"Fanya hivyo, mwanangu."

Akatikisa kichwa kukubali. Sijui alikuwa ananililia mimi au mama yake.

Mke wangu alinisindikiza mpaka mlangoni, kama mtu aliyelelewa vizuri. Alinishukuru kwa samaki. Akasema friji sasa inafanya kazi vizuri, haipigi kelele. Nilikuwa nimeshashuka ngazi aliponiita tena.

"Fundi. Ukimkuta njiani Mzembe wangu, mwambie chakula kinapoa. Mwambie leo nimevua kweli."

Nikasema nitamwambia. Nikasubiri aingie, nikaufunga mlango kwa nje.